Kamongo, samaki anayekufa maji

Je, wajua kuwa Ziwa Victoria lina samaki anayeweza kufa maji? Mzuie kamongo mkubwa asifike juu kuvuta hewa, naye atakata roho humo humo majini. Matamvua yake yamesinyaa, hayamtoshi tena. Sehemu kubwa ya oksijeni anayoitumia huipata kwa mapafu, na anayo mawili, chini ya mgongo, kama wanyama wengi wa nchi kavu. Kila baada ya muda hupanda, hutoa mdomo nje, huvuta funda la hewa na kuzama tena.

Wavuvi wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Sangara akishatupwa mtumbwini hachukui muda kufa. Kamongo hulala pale chini akipumua, na asipopigwa rungu la kichwa anaweza kumng'ata mtu vibaya. Meno yake ni mabamba makali yaliyoumbwa kuvunja konokono, wakiwemo wale wanaobeba vimelea vya kichocho. Mwili ni mrefu, mara nyingine hukaribia mita 2, na mapezi yake yamebaki nyuzi tu. Huko Uganda huitwa mamba, na Waganda wa ukoo wa Mamba hawamli kabisa, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao.

Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuwachunguza samaki wa namna hii katika miaka ya 1830 walibishana kama ni samaki au ni jamii ya chura. Mwaka 1839 Richard Owen wa London aliamua kuwa yule wa Afrika ni samaki, na hakukosea. Ila wabishi wenzake nao walikuwa na lao: kwa nasaba, kamongo yuko karibu zaidi na chura, kuku na wewe msomaji kuliko alivyo karibu na sato.

Mimi lakini mapafu hayanishangazi sana. Hata kambare wa kawaida huvuta hewa akikwama kwenye dimbwi la tope. Kinachonishangaza ni namna samaki huyu anavyoshughulikia mkojo wake.

Afrika ina aina 4 za kamongo. Yule wa Ziwa Victoria hana haja kubwa ya kujificha, maana ziwa halikauki. Mwenye shida ni ndugu yake wa mabwawa ya msimu, anayepatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi bonde la Zambezi. Kiangazi kikikaza na maji yakapungua, huanza kuuma tope, hulipitisha kinywani na kulitoa kwenye matamvua, akishuka taratibu. Akifika chini hutanua chumba, hugeuka kichwa kikae juu, kisha hujikunja mpaka mkia unafunika macho. Ngozi hutoa ute mwingi. Maji ya mwisho yakikauka, ute nao hukauka na kuwa gamba jembamba la rangi ya kahawia, kama karatasi ya kaki, lililomfunika mwili mzima isipokuwa tundu moja dogo mdomoni. Hapo ndipo hewa inapopita. Moyo hupunguza mapigo, na mwili hutumia nguvu kidogo mno.

Sasa fikiria hesabu yake. Hali wala hanywi. Ili aishi, mwili unakula misuli yake wenyewe. Nyama ikivunjwavunjwa mwilini hutoa amonia, na amonia ni sumu. Samaki wengi hawaoni tatizo: huitoa kupitia matamvua, maji yakaichukua. Kamongo aliyefungiwa ndani ya gamba hana maji ya kuitupia, na akikojoa atapoteza maji kidogo aliyobaki nayo. Basi hakojoi. Ini lake huigeuza amonia kuwa urea, ambayo sumu yake ni ndogo sana, na urea hiyo huihifadhi mwilini mwezi baada ya mwezi, kwa kiwango ambacho kingemlaza mtu hospitalini. Mvua ikinyesha na maji yakaingia tunduni, huzinduka, hutoka, na mzigo wote huutoa majini. Maabarani, wamewahi kulala hivyo zaidi ya miaka 3.

Ndiyo maana mmoja wa mabingwa wa figo duniani alimfuata huku kwetu. Homer Smith, profesa wa New York, alikuja Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1920, akawachunguza samaki hawa wakiwa macho na wakiwa wamelala, na akaonyesha jinsi urea inavyojikusanya. Mwaka 1932 alitoa riwaya, akaiita *Kamongo*. Sidhani kuna samaki mwingine wa ziwa letu aliyepata heshima hiyo.

Uwezo wa kuvuta hewa ulimfaa hata bila ukame. Sangara alipoletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, samaki wengi wa asili waliliwa mpaka wakatoweka. Kamongo alikuwa na pa kukimbilia: ndani ya mafunjo, kwenye maji mazito yenye majani yaliyooza, oksijeni ni haba, na sangara hawezi kukaa humo.

Hata hivyo watafiti waliofuatilia Ghuba ya Mwanza wameona akipungua. Mabwawa ya pembezoni yamegeuzwa mashamba, na huko ndiko anakozalia. Dume huchimba kiota, majike hutaga humo, kisha yeye hubaki kulinda mayai na watoto, ambao huanza maisha na matamvua ya nje kama viluwiluwi. Katika kipindi chote hicho dume hakiachi kiota chake, na mvuvi anayejua kilipo anaweza kumkuta papo hapo kesho na keshokutwa.