Ayub Kalule: Vipigo vinne vinavyoshinda sifuri

Siku hizi ukipita vijiwe vya Ngamiani au Makorora, ukakutana na kijana anayecheza ngumi za kulipwa, jina lake utalijua baadaye. Kwanza atakupa rekodi. "Kumi na moja, sifuri, braza!" Kumi na moja anaitamka harakaharaka, lakini ile sifuri anaivuta mpaka mwenye duka ng'ambo ya barabara anasikia.

Mmoja wao, jina namstiri kwa sababu mama yake ananifahamu, ameniambia kwamba kaletewa pambano la Mombasa akalikataa. Pesa si haba, uzito ni wake, muda wa mazoezi anao. Tatizo eti mpinzani ni mgumu, atamharibia sifuri. "Sifuri ndiyo mtaji wangu, braza." Nikamuuliza kama anamjua Ayub Kalule. Akaniuliza, "Huyo ni Mkongo?"

Haya basi, tukae kitako.

Kalule ni Mganda, kazaliwa Januari 1954, mtu wa shoto. Mwaka 1974 peke yake alibeba dhahabu mbili za ngumi za ridhaa: ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, na ya mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia, kule Havana, Cuba. Ili uelewe uzito wa jambo hilo, sisi Watanzania fedha ya Titus Simba ya Edinburgh 1970 bado tunaisimulia, na aliyemzuia fainali alikuwa John Conteh, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Dhahabu ya ngumi ya Madola tuliipata 1998, Michael Yombayomba alipoileta kutoka Kuala Lumpur. Kalule alikuwa keshaichukua miaka 24 nyuma.

Mwaka 1976 akaingia ngumi za kulipwa, akiwa na maskani yake Denmark chini ya promota Mogens Palle. Uganda wakati ule ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, ambaye naye, kama wazee wanavyokumbuka, alikuwa bondia kabla ya kuwa balaa. Kalule akapiga kazi kwenye baridi ya Copenhagen. Mwaka 1978 akatwaa mkanda wa Jumuiya ya Madola wa uzani wa kati kwa kumshinda Al Korovou.

Aprili 1979 majeshi yetu yaliingia Kampala, Amin akakimbia. Miezi sita baadaye, Oktoba 24, Mganda huyu alipanda ulingo kule Akita, Japani, kupambana na Masashi Kudo, bingwa wa WBA wa pauni 154, yaani karibu kilo 70. Kudo naye alikuwa na sifuri yake. Raundi 15 zilipokwisha, Kalule akapewa ushindi wa pointi, akawa Mganda wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Fikiria nchi iliyotoka vitani, maduka matupu, halafu redioni linasikika jina la mtoto wao kutoka Japani.

Akautetea mkanda mara nne, kwa Steve Gregory, Emiliano Villa, Marijan Benes na Bushy Bester. Hapo sina mengi. Alishinda, basi.

Ninapotaka tutulie ni Juni 25, 1981, ndani ya Astrodome, Houston, Marekani. Upande mmoja yupo Kalule, mapambano 36, hajapigwa hata moja. Upande wa pili yupo Sugar Ray Leonard, bingwa wa WBC wa pauni 147, amepanda uzito kuja kuutafuta mkanda wa Mganda. Leonard kashinda 29, kapoteza moja. Angalia vizuri, mshikaji wangu: mwenye sifuri usiku ule alikuwa Kalule, mwenye doa alikuwa Leonard. Doa lenyewe alilipata kwa Roberto Duran, Juni 1980, Montreal. Hakukaa kulilia. Miezi mitano baadaye akamtaka Duran tena, na safari hii Duran akageuza mgongo katikati ya pambano akasema basi.

Kalule hakuwa mteremko hata kidogo. Shoto lake lilimsumbua Leonard, na alikuwa anatembea mbele tu kama mtu anayedai deni lake. Raundi ya 9, mwishoni, Leonard akamwangusha. Kalule akainuka, lakini mwamuzi Carlos Berrocal wa Panama akaona inatosha, akamaliza mchezo. Leonard kwa furaha akaruka sarakasi palepale ulingoni. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na kwa wengi Kalule ni yule jamaa aliyepigwa kabla ya sarakasi. Mimi naona hiyo ni dhuluma kubwa.

Sifuri ikawa imekwenda. Je, alistaafu? Akatafutiwa vibonde kumi arudishe heshima? Julai 1982, Atlantic City, alikwenda kuutaka tena mkanda wake kwa Davey Moore, Mmarekani aliyekuwa ameuchukua katika pambano lake la 9 tu la kulipwa. Akasimamishwa raundi ya 10. Novemba mwaka huohuo, katika mji uleule, akapanda na kijana wa Kijamaika, Mike McCallum, ambaye mabingwa wengi walikuwa hawataki hata kulisikia jina lake. Kona ya Kalule ikamtoa baada ya raundi ya 7. Vipigo vitatu ndani ya miezi 17. Najua watu ambao wangeuza glavu hapo.

Hebu nitoke nje ya ulingo kidogo, maana hili la rekodi linatuuma hapahapa pwani. Kuna vijana wanaolishwa vibonde mpaka namba inapendeza, halafu siku ya kukutana na mtu wa kweli wanadondoka raundi ya pili, na hapo ndipo wanapogundua kwamba hawajui hata kukumbatia ili wapumue. Na kuna wengine, hao ndio wananiuma zaidi, ambao kazi yao ni kunogesha namba za watu. Kijana anapigiwa simu Jumatano, Ijumaa yuko Horohoro anagonga pasipoti, Jumamosi anatwangwa na mtu aliyejiandaa miezi mitatu na aliyemzidi kilo. Anarudi Tanga na pesa ya mchele na kichwa kinachogonga. Kwenye vitabu inaandikwa "kapigwa K.O.", hakuna anayeandika kwamba alipewa siku tatu. Promota wa upande ule anahitaji ushindi mwingine kwa mtu wake, wa upande huu anahitaji asilimia yake, na wote wawili wanajua wewe msomaji utatazama namba tu.

Ndiyo maana namba ya Kalule napenda kuifungua kama mtu anavyofungua samaki aone mfupa uko wapi. Mapambano 50, kashinda 46, kati ya hayo 23 kwa K.O., kapigwa manne. Baada ya Leonard alipanda ulingo mara 13, akashinda 10.

Katika hayo kumi mnisikilize kwa makini, kwa sababu humo ndimo utamu ulipo. Juni 1985, Copenhagen, akiwa na miaka 31, alimsimamisha Mfaransa Pierre Joly raundi ya 8, akawa bingwa wa Ulaya wa uzani wa kati. Desemba akaenda Ancona, Italia, kuutetea mkanda huo kwa Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa ameweka makazi Italia. Mganda na Mkongo wanagombea ubingwa wa Wazungu, nyumbani kwa Mkongo. Kalule akashinda kwa pointi.

Februari 5, 1986, akafuata Sheffield, Uingereza, kwa Herol Graham, naye wa shoto, mtu wa kukwepa mpaka unahisi unapigana na moshi. Raundi ya 10 mwamuzi akaingilia kati. Hicho ndicho kilikuwa kipigo cha nne, na Kalule akatundika glavu.

Sasa mwenye kubisha abishe. Graham aliendelea na sifuri yake mpaka Mei 1987, akaipoteza London. McCallum aliendelea na yake mpaka Machi 1988, akaipoteza Pesaro, Italia. Aliyewanyang'anya wote wawili alikuwa Sumbu Kalambay, yuleyule ambaye Kalule mzee alimfuata kwao Ancona akamshinda.