Upishi wa kisamvu Ngara na Biharamulo

Kisamvu ni mboga inayopikwa kutokana na majani machanga ya muhogo (Manihot esculenta). Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, ni miongoni mwa mboga zinazotwangwa kwanza kisha kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu, kwa kawaida kuanzia saa moja hadi saa tatu jikoni. Mchicha, matembele na sukuma wiki huiva kwa dakika chache. Kisamvu hakiivi hivyo, na kikiharakishwa vibaya kinaweza kumdhuru mlaji, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Jina

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza kinachozungumzwa huko ni lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Kwa sababu hiyo jina isombe, ambalo ni la Kirundi na Kinyarwanda, linaeleweka pia upande wa Tanzania. Waswahili wa mashariki mwa Kongo husema sombe, na kwa Kilingala mboga hiyo huitwa pondu. Nchini Madagaska huitwa ravitoto. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Jimbo la Pará nchini Brazili lina chakula cha majani hayo kiitwacho maniçoba, ambacho huchemshwa kwa takriban wiki nzima.

Kuchuma na kutwanga

Huchumwa majani laini ya kileleni, yale ambayo hayajakomaa na kuwa magumu. Mchumaji mwangalifu huchuma machache kwenye kila shina, kwa kuwa mmea unaopukutishwa mara kwa mara hutoa mizizi midogo. Vikonyo huondolewa, majani huoshwa, kisha hutiwa kwenye kinu kidogo kidogo na kutwangwa kwa mchi mpaka yawe laini na yenye unyevu, bila vipande vya jani vinavyoonekana. Kazi hii huchukua nusu saa au zaidi kwa mboga ya familia, na ndiyo sababu mara nyingi watu wawili hupokezana mchi. Wengine hutwanga pamoja na vitunguu au vitunguu saumu. Siku hizi wapo wanaotumia mashine ya kusagia, na masokoni kisamvu huuzwa kikiwa kimeshatwangwa.

Baada ya kutwangwa, mboga huachwa kwa muda, huoshwa kwa maji na kukamuliwa, kisha ndipo huwekwa motoni.

Kwa nini kinu hutangulia moto

Majani ya muhogo yana kemikali iitwayo linamarini, na mara nyingi kiasi chake hupita kile cha kwenye mizizi. Peke yake haina harufu kali. Ndani ya jani kuna pia kimeng'enya kinachoweza kuivunja, lakini vitu hivyo viwili vimetenganishwa: linamarini imo ndani ya seli, kimeng'enya kimo hasa kwenye kuta zake. Mchi unapoponda seli, vinakutana, na linamarini huvunjika hadi kutoa hidrojeni sianidi. Hiyo ndiyo sumu yenyewe, lakini ni sumu inayotoroka kwa urahisi: hugeuka kuwa hewa kwenye joto la takriban nyuzi 26 za Selsiasi, chini sana ya joto la maji yanayochemka. Hata kwenye mwinuko wa mita 1,500, ambako maji huchemka kwenye takriban nyuzi 95, moto wa kawaida unatosha kabisa kuifukuza.

Kinachosumbua ni linamarini ambayo haikuvunjwa. Hiyo huvumilia kuchemshwa, ilhali kimeng'enya huharibiwa na joto kali. Mtu anayetumbukiza majani mazima katika maji yanayotokota anaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Vivyo hivyo kwa wanaochovya majani katika maji moto ili yalainike kabla ya kutwangwa. Njia hiyo huokoa nguvu za mikono, lakini inapunguza faida kubwa ya kutwanga. Aliyekwisha kuchemsha majani mazima anaweza kupunguza hatari kwa kumwaga maji ya kwanza na kuweka mengine, kwa kuwa linamarini huyeyuka majini, ila vitamini nyingi nazo humwagika.

Kwa hiyo mpangilio wa zamani wa kutwanga, kuacha, kuosha na kuchemsha una maana kwa kila hatua. Chungu huachwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke, na ni vyema jiko liwe na hewa ya kutosha. Sufuria ya presha hufupisha muda wa kulainisha mboga, lakini haichukui nafasi ya kinu.

Hatari haitokani na kisamvu peke yake. Mwili huweza kuondoa sianidi kidogo kwa kutumia salfa inayopatikana katika protini. Mtu anayekula ugali wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri, bila samaki, maziwa wala nyama, anakosa kinga hiyo. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na bila kupona, ulielezwa na daktari Giovanni Trolli huko Kongo mwaka 1938. Nchini Tanzania ulizuka wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na chanzo kilikuwa mizizi ya muhogo mchungu iliyotayarishwa kwa haraka kwa sababu ya njaa.

Kuchemsha

Mboga huwekwa katika maji kiasi na kuachwa ichemke kwa moto wa wastani. Harufu ya majani mabichi ikiisha na rangi ikibadilika kutoka kijani kibichi kuwa kijani kilichofifia, huongezwa vitunguu, bilinganya au nyanya chungu, kisha mawese. Karanga zilizosagwa hutiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi hukoroga mara kwa mara kwa kuwa karanga hushika chini upesi. Mboga imeiva maji yanapokauka na mafuta kuelea juu. Pwani ya Tanzania nafasi ya mawese na karanga huchukuliwa mara nyingi na tui la nazi.

Baadhi ya wapishi hutia magadi ili majani yalainike mapema. Magadi husaidia kweli, lakini huharibu vitamini C, na yakizidi mboga huteleza na kupata ladha ya sabuni.

Kisamvu huliwa na ugali wa mahindi au wa muhogo, ndizi, viazi au maharage. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, lakini yana upungufu wa methionini, mojawapo ya asidi amino zenye salfa. Dagaa wa Ziwa Viktoria wakichanganywa humo hujaza pengo hilo.

Kuni

Mboga ya saa tatu ni mboga ya kuni nyingi, na Ngara imeonja uhaba wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, na kambi ya Benako ikawa kama mji mkubwa. Mahindi na maharage makavu ya mgao nayo yalitaka moto wa muda mrefu. Miti iliyozunguka kambi ilikatwa, na umbali wa kufuata kuni ukaongezeka kwa wakimbizi na wenyeji pia.

Kuni zikiwa chache, kinachofaa kupunguzwa ni muda wa motoni. Majani yaliyotwangwa laini sana huiva haraka kuliko yaliyotwangwa nusunusu, hivyo dakika zinazoongezwa kinuni huokoa kuni. Familia nyingi pia hupika kingi kwa mara moja. Kinachobaki huchemshwa tena kesho yake, na wengi husema kiporo hicho ndicho kitamu zaidi.