Kidonda kisichouma: miguu ya mgonjwa wa kisukari

Katika makanisa yetu ugonjwa wa sukari unazungumzwa sana kwa habari ya chakula. Miguu haitajwi, mpaka siku tunapoitwa hospitalini kumwombea mtu anayekwenda kukatwa mguu.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia vidoleni na kwenye nyayo. Mtu anakanyaga msumari, au jiwe kali la volkano kama yale ya Goma, asisikie kitu. Mwingine anaota moto karibu na mbabula, ngozi inaungua bila yeye kujua. Tena mishipa ya damu imekuwa myembamba, kidonda hakiponi, na vijidudu vinaweza kufika mpaka mfupani. Sisi tumezoea kusema, "Hakiumi, kitapona." Kwa mwenye kisukari, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa.

Ndiyo maana miguu hiyo inahitaji mikono iliyofundishwa. Muuguzi anayejua kazi hii hutazama katikati ya vidole, hupapasa mapigo ya damu juu ya mguu, kisha hugusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho na kusema anaposikia. Hakuna haja ya umeme wala maabara. Sugu pia huipunguza kwa kisu safi, kwa sababu sugu hukandamiza nyama, na kidonda kinaweza kujificha chini yake. Kila mgonjwa wa kisukari apimwe hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Aliyepoteza hisia au aliyewahi kupata kidonda mguuni, kila baada ya miezi michache.

Kazi hiyo haifai kufanywa nyumbani kwa wembe, wala kwa dawa ya kuunguza sugu. Vijana wanaopita mitaani wakikata kucha wanatafuta riziki yao kwa haki, lakini chombo kimoja kinapita miguu mingi.

Kuna wanaotuambia habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake, eti alikosa kwa kwenda kwa waganga. Tusome vizuri 2 Mambo ya Nyakati 16: analaumiwa kwa sababu hakumtafuta Bwana. Anayeomba hakatazwi kutibiwa.

Nyumbani, tazama miguu kila jioni. Macho yakiwa dhaifu, mjukuu atazame nyayo. Kausha vizuri katikati ya vidole. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Ukiona kidonda, uvimbe, joto au ngozi kuwa nyeusi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Ukifika, sema mapema kwamba una kisukari, na uvue viatu mwenyewe. Foleni ikiwa ndefu, huenda hakuna atakayekuuliza.