Kuimba pamoja ni kazi ya afya, na kanda ya dhahabu ina pa kuanzia

Masumbwe, mji wa wilaya ya Mbogwe ambao hadi 2012 ulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga na sasa uko Geita, umezoea wageni. Wapo Wasumbwa, ambao mji umebeba jina lao. Wapo Wasukuma waliokuja na majembe na ng'ombe, na wapo vijana kutoka kila kona ya nchi waliofuata dhahabu. Kijana anayefika machimboni akiwa na begi moja hana shangazi wala mjomba hapo, na akishikwa na malaria usiku hana jirani wa kumkorogea uji. Tunapopanga huduma za afya tunahesabu vitanda, dawa na wauguzi, na ni haki tuhesabu hivyo. Hatuhesabu idadi ya watu ambao mgonjwa anaweza kuwaita. Wala hilo si dogo: mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano ya karibu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai, kwa takriban asilimia 50, kuliko wapweke katika kipindi walichofuatiliwa. Hoja yangu ni kwamba kuimba na kucheza ngoma kwa pamoja ni miongoni mwa njia za haraka na za bei nafuu za kumpatia mtu watu wa namna hiyo, kwamba faida yake imepimwa na haitokani na hisia tu, na kwamba kanda hii imeirithi njia hiyo ikiwa kamili lakini inaiacha nje ya mipango ya afya.

Tuanze na namna inavyopimwa. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake wanatumia kifaa ambacho kila zahanati inacho, yaani mkanda wa kupimia presha. Mshiriki anafungwa mkanda mkononi, unajazwa upepo polepole, naye anasema basi pale maumivu yanapomshinda. Namba inaandikwa. Kisha anaimba, anapiga ngoma au anacheza na wenzake, halafu anapimwa tena. Walioshiriki muziki kwa nguvu huvumilia mbano mkubwa zaidi kuliko waliokaa kusikiliza tu, na watafiti wanalichukulia hilo kama dalili kwamba ubongo umemwaga endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu na kuleta utulivu. Ni dalili ya kuzunguka, maana endofini yenyewe haikupimwa moja kwa moja, lakini matokeo yamejirudia mara nyingi. Jaribio la Bronwyn Tarr na wenzake, lililochapishwa 2015, lilifanywa Brazil kwa wanafunzi 264 waliocheza kwa nguvu au kwa ulegevu, kwa kufuatana au kila mmoja kivyake. Kila kimoja kilikuwa na mchango wake: kutumia nguvu kuliongeza uvumilivu wa maumivu, kwenda pamoja kuliongeza pia, na waliofanya yote mawili walipata zaidi.

Msomaji wa Usukumani atakuwa ameshaona jaribio hilo linaelekea wapi. Bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, ni hilohilo, tena lenye zao mwishoni mwa msimu. Wakulima wanajipanga mstari shambani, ngoma inalia nyuma yao, majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja, na mara kwa mara mmoja anarusha jembe hewani, anadaka mpini na kuendelea bila kuvunja safu. Kiongozi anatoa ubeti, safu inaitikia, na pigo likiongezwa kasi kila mkono unaongeza. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuchapisha kitabu kinene juu yake mwaka 2010, ameonyesha kwamba vyama hivi vya kulima kwa ngoma vina mizizi katika safari ndefu za wapagazi na katika vyama vya wawindaji vya zamani. Wasumbwa wenyewe walikuwa wasafiri hodari wa karne ya 19. Msiri, aliyejenga ufalme wake Katanga, alitokea upande huu. Watu waliotembea miezi na mizigo mabegani walijua kwamba wimbo unapunguza uzito wa mzigo, na maabara imekuja kuthibitisha walichokijua miguuni. Kuna jambo jingine ambalo naona tunalipita haraka mno: kwa simulizi za Wasukuma, Ngika na Gumha, waasisi wa makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, walikuwa waganga. Tangu mwanzo ngoma na tiba zilikaa nyumba moja. Tulizitenganisha baadaye, ngoma ikapelekwa ofisi ya utamaduni na tiba ikapelekwa hospitali.

Faida ya pili iko kwenye pumzi. Mwimbaji huvuta hewa upesi na kuitoa taratibu hadi mstari uishe, na kuitoa huko kwa muda mrefu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo kupitia mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani. Mwaka 2013 Björn Vickhoff na wenzake huko Göteborg, Sweden, waliwafunga vijana 15 vipimo vya moyo, wakaona kwamba wanapoimba wimbo wenye mistari mirefu, mioyo yao huongeza na kupunguza kasi kwa wakati mmoja. Walikuwa wachache, lakini njia yenyewe inaeleweka. Ushahidi mzito zaidi umetoka Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022: wagonjwa 270 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa waligawanywa kwa kura, wengine wakafanya mazoezi ya viungo yanayotolewa kwa wagonjwa hao, wengine wakafundishwa kuimba mara mbili kwa wiki kwa wiki 10. Walipopimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita, waimbaji hawakuachwa nyuma hata kidogo na waliofanya mazoezi.

Habari hiyo inatuhusu kwa sababu ya vumbi. Watafiti waliopima hewa ndani ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nchini Tanzania, katika utafiti uliochapishwa 2015, walikuta vumbi la silika likizidi kiwango kinachopendekezwa kwa zaidi ya mara 300 wakati wa kutoboa miamba chini ya ardhi. Vumbi hilo huacha makovu yasiyofutika kwenye mapafu na kumfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu. Hapa lazima tuseme waziwazi, maana maisha ya watu yamo: kuimba hakutibu silikosisi, hakuui vimelea vya kifua kikuu, na hakuchukui nafasi ya kumwagia maji mwamba unapotobolewa au karasha linaposaga mawe. Mwenye duara anayewanunulia vijana wake spika badala ya barakoa na mpira wa maji amewadhulumu. Kinachoweza kufanywa na kuimba ni kumsaidia mtu ambaye mapafu yake yameshaumia kutumia vizuri yale yaliyobaki, na hilo kwa mtu anayehema akipanda kilima kidogo ni nafuu ya kweli.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu makini atalitoa ni kwamba huenda tumegeuza mambo: wenye afya na furaha ndio wanaokwenda kwaya, kwa hiyo kwaya haikuwapa afya, iliwakuta nayo. Pingamizi hilo lina nguvu, na linaangusha tafiti nyingi za zamani zilizowauliza wanakwaya tu kama wanajisikia vizuri. Haliangushi tafiti za kura. Huko Kent, Uingereza, wazee 258 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba waliopangiwa kuimba kila wiki walikuwa na afya bora ya akili kuliko wenzao, na tofauti ilionekana hata miezi sita baada ya kuanza. Mwaka 2018 Daisy Fancourt na Rosie Perkins walichapisha jaribio la akina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Kundi moja liliimba na watoto wao kwa wiki 10, jingine lilicheza nao michezo, la tatu lilipata huduma ya kawaida. Kwa wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi, waimbaji walipata nafuu mapema. Wakosoaji watasema hizo ni habari za Ulaya, na ndiyo maana kazi iliyofanyika Gambia ina uzito kwetu. Huko wapo Kanyeleng, vyama vya wanawake waliopitia ugumba au kufiwa na watoto, ambao huimba na kucheza kama sehemu ya kufarijiana. Watafiti walishirikiana nao kuwaimbisha wajawazito kwenye kliniki mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na katika matokeo ya 2020 dalili za wasiwasi na sonona zilipungua zaidi kwa walioshiriki. Lilikuwa jaribio la awali, na halikuhitaji daktari bingwa wala dawa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami nalikubali nusu. Linasema kinachoponya ni kukutana, na wimbo ni kisingizio tu; watu wangeweza kusuka mikeka au kucheza bao wakapata kilekile. Eiluned Pearce, Jacques Launay na Dunbar walilijaribu jambo hilo kwa kufuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi saba, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Mwishoni madarasa yote yalikuwa yamejenga ukaribu wa kufanana. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walikaribiana upesi zaidi. Kwa kijiji ambacho watu wamezaliwa na watazeekea hapo, upesi huo hauna maana kubwa. Kwa mji wa machimbo una maana kubwa sana. Rashi, yaani mbio za kufuata dhahabu mpya, ikitokea mahali, watu mia kadhaa wanahama ndani ya wiki na kujenga maturubai mahali pengine, na mtu hana miezi saba ya kusubiri azoeane na jirani. Anahitaji njia ya kuingia kwenye kundi Jumapili hii, na mlango wa mazoezi ya kwaya uko wazi kwa mtu asiyejua jina la yeyote ndani.

Wanakwaya wenyewe wamekwenda mbali kuliko sayansi. Gregory Barz, aliyeandika juu ya kwaya za Tanzania katika kitabu cha 2003, alionyesha kwamba kwaya ni jumuiya kamili: wanachanga mwenzao anapougua, wanakesha naye kwenye msiba, wanasimamia harusi. Kwa lugha ya mpango wa afya, hiyo ni bima ndogo yenye mkutano wa kila wiki na mahudhurio yanayosimamiwa. Mwanakwaya asipoonekana mazoezini mara mbili, mtu anatumwa nyumbani kwake kumwangalia. Sijui mfumo mwingine wa kugundua wagonjwa mapema ambao ni rahisi kuliko huo.

Pingamizi la tatu ni la kitabibu na haliruhusu ubishi. Midomo inayoimba inarusha hewa nyingi, na pamoja nayo vimelea. Tarehe 10 Machi 2020 huko Skagit, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya. 53 waliugua UVIKO-19 kwa hakika au kwa dalili zote, na wawili wakafariki. Kifua kikuu nacho husambaa kwa hewa, na kanda ya machimbo inacho. Kwa hiyo anayehubiri kuimba pamoja bila kutaja madirisha anahubiri nusu ya jambo. Bahati nzuri, desturi ya huku ilikwisha kuchagua mahali salama: ngoma za Bagika na Bagalu huchezwa uwanjani kati ya Juni na Agosti baada ya mavuno, na bugobogobo huchezwa shambani. Hatari iko kwenye vyumba vidogo vya mazoezi vinavyofungwa madirisha ili sauti isitoke nje. Mazoezi yafanywe chini ya mwembe, au madirisha yafunguliwe yote, na anayekohoa apumzike.

Ipo hofu nyingine, kwamba ngoma inaendana na pombe, ugomvi wa mashindano na dawa za kuvutia watazamaji. Hayo yapo na yakemewe, lakini hayamo ndani ya kuimba kwenyewe. Kwaya za makanisani na kaswida za madrasa zinapata faida ileile ya pumzi na mwenendo wa pamoja bila hayo. Hasara kubwa zaidi naiona kwenye spika. Muziki umejaa kila kibanda Masumbwe, wala sina ugomvi nao, ila kusikiliza hakukupandisha namba kwenye mkanda wa presha. Kanda ambayo babu zake waliimba inaelekea kuwa kanda inayoimbiwa.

Kinachotakiwa si bajeti mpya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao wa kitaifa Januari 2024, waandikishe vikundi vya ngoma na kwaya katika maeneo yao kama wanavyoandikisha kaya, na wavipelekee elimu ya presha, uzazi na kifua kikuu. Kliniki za wajawazito zitenge nusu saa ya kuimba kabla ya vipimo, ikiongozwa na akina mama wenyewe, na wauguzi waandike nani hali yake ya akili inawapa mashaka. Wenye maduara waruhusu kikundi kipate jioni moja kwa wiki. Vyuo vya afya vya Kanda ya Ziwa vipime matokeo, kwa kuwa mpaka sasa tunaegemea namba za Kent na Göteborg kueleza jambo ambalo tunalifanya vizuri kuliko wao. Na wewe unayesoma, ukiwa mgeni mjini, nenda kwenye mazoezi ya wiki hii hata kama sauti yako si nzuri. Ila ukiwa na kikohozi kilichofika wiki mbili, anzia zahanati upimwe kwanza. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake hutolewa bure nchi nzima, na kwaya itakupokea ukishapona.