Mapigo ya Moyo Juu ya Baiskeli ya Mazoezi

Wapo waendeshao baiskeli ya mazoezi nyumbani ambao hushtuka saa ya mkononi ionyeshapo mapigo 190 kwa dakika, hali hawajachoka. Yafaa kutambua kwanza kama kosa ni la chombo au la mwili.

Saa hupima kwa mwanga unaopenya ngozini. Ikilegea, huchanganya mtikisiko wa mkono na mapigo. Mkanda wa kifuani hupima umeme wa moyo, nao hukosea ukiwa mkavu. Lakini mapigo yakipanda polepole ilhali kasi ni ile ile, huenda sababu ni joto la chumba kisicho na upepo: jasho hupunguza maji ya damu, na moyo hulazimika kupiga zaidi.

Ili kuhakikisha, simama, gusa mshipa wa kifundo cha mkono mara moja, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukomo hukadiriwa kwa 220 kutoa umri. Mwenye miaka 50 hupata 170, ingawa watu hutofautiana.

Penye maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyo na mpango, mhusika aache na aende hospitali upesi, hata saa ikionyesha salama. Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya.