Ndege Iliyozidiwa na Hewa Nyepesi

Ripoti ya ajali ya ndege ikitaja kosa la rubani, wengi hudhani mkono uliteleza au kitufe kisicho chake kilibonyezwa. Mara nyingi kosa huwa limeshafanyika magurudumu yakiwa bado yamesimama.

Aprili 11, 1996, saa mbili na nusu kasoro asubuhi, ndege ndogo ya Cessna 177B iliruka kutoka Cheyenne, Wyoming, nchini Marekani. Ndani alikuwamo Jessica Dubroff, mtoto wa miaka saba aliyetaka kuweka rekodi ya kuivuka nchi kwa ndege, pamoja na baba yake na mwalimu wake, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa rubani. Mvua ya radi ilikuwa imeshaufikia uwanja. Hawakufika mbali, ndege iliangukia mtaa wa makazi na wote watatu wakafa.

Ndege ilikuwa imezidisha uzito kwa kilo 44 hivi. Huko walikoanzia safari, ufukweni mwa California, pengine injini ingejikokota nao. Lakini Cheyenne iko karibu mita 1,880 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Hewa nyepesi huidhulumu ndege mara tatu. Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Pangaboi nalo hukosa hewa ya kutosha ya kusukuma. Bawa, ili libebe uzito uleule, lazima likimbizwe zaidi. Hapo ndipo macho humponza rubani aliyezoea pwani: anachungulia chini, anaona mapaa yanapita upesi, anaridhika kwamba kasi ipo, kumbe kipimo cha kasi kinasema vingine. Akiilaza ndege kukata kona, deni linaongezeka. Kwenye mlalo wa nyuzi 60, bawa linadai kasi zaidi kwa asilimia 41. Isipopatikana, hewa inabanduka juu ya bawa na ndege inaporomoka. Ikiwa juu sana, rubani ataishusha pua na kuikusanya kasi upya. Ikiwa imetoka tu kuruka, atakutana na ardhi kwanza. Pale Cheyenne ndege ilikuwa ikikata kona kuikwepa mvua.

Wachunguzi walitaja pia ratiba iliyobana na ahadi kwa vyombo vya habari. Kwangu hilo ni zito kuliko zile kilo 44, maana mzigo ungeweza kupunguzwa, na mvua ingeweza kungojwa.

Joto nalo huzidi kuipunguza hewa uzito. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na bado hewa ya Cheyenne ilikuwa nyepesi kama ya mita 2,030. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko chini zaidi, karibu mita 1,690, lakini mchana wa nyuzijoto 28 hewa yake huwa kama ya mita 2,400 na ushei. Rubani aliyetua hapo akitokea Malindi hawezi kuondoka kwa hesabu aliyokuja nayo. Afungue majedwali ya kitabu cha ndege, kisha aamue: apunguze mafuta, amwache abiria mmoja, au angoje alfajiri.