JE, NI KOMPYUTA ILIYOANGUSHA MOTOKARI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngojea bwana arudi toka mgodini, tuseme motokari imeanguka katika barabara ya Kasongo na Kabambare. Shofere anasema: «Nilikanyaga freni, motokari ikazidi kwenda mbio.» Mafundi wa garaji wanatazama, hawaoni kitu. Zamani wengine wangesema ni uchawi. Siku hizi utasikia: ni kompyuta ya motokari.

Usikubali upesi. Uliza kwanza: motokari ile ina kompyuta? Land Cruiser nyingi za dizeli, zile zenye motere ya 1HZ, pedali ya mafuta inavuta waya, na waya unavuta pampu. Basi. Pikipiki nyingi za njia zetu ni hivyo hivyo. Waya ukijaa tope na kutu unakwama, na motere inaendelea kunguruma hata ukiisha kuachia. Hapo hakuna programu ya kushtaki. Kuna waya wa kusafisha.

Katika motokari mpya, ni kweli, pedali inapeleka habari kwa kompyuta kwa njia ya umeme. Tazama basi mambo ya Marekani. Mwezi wa Agosti 2009, karibu na San Diego, motokari ya Lexus ilikimbia bila kusimama, watu 4 wakafa. Ndani yake mlikuwa na mkeka wa miguuni wa motokari ya aina nyingine, na mkeka huo ulinasa pedali ya mafuta. Toyota ikaita mamilioni ya motokari zirudi kutengenezwa. Hata hivyo watu wengi walishika neno moja: kompyuta. Serikali ikawaita wahandisi wa NASA, wale wanaotuma vyombo angani. Walisoma mistari zaidi ya 280,000 ya programu. Mwezi wa Februari 2011 jibu likatoka: hawakuona kosa la umeme linaloweza kufungua mafuta kwa namna ile. Tena, katika motokari zilizochunguzwa vyombo vyao vya kurekodi, nyingi zilionyesha kwamba freni haikukanyagwa kabisa. Mguu ulikuwa juu ya pedali ya mafuta.

Je, mashofere wale walidanganya? Si lazima. Mtu mwenye hofu anakanyaga kwa nguvu zake zote, na akiona motokari haisimami, anazidi kukanyaga pale pale. Anaapa ilikuwa freni, na yeye mwenyewe anaamini.

Lakini tusiifanye kompyuta kuwa malaika. Oktoba 2013, huko Oklahoma, wazee wa baraza la mahakama waliihukumu Toyota kwa ajali ya Camry ya 2005, baada ya mtaalamu kuisoma programu yake na kueleza makosa aliyoyaona. Na tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka, watu 157 wakafa wote. Programu iliyosukuma pua ya ndege chini, ikidanganywa na kipimo kibovu, ilikuwa moja ya sababu. Hiyo ilijulikana kwa kusoma vyombo vya kurekodi. Hakuna aliyesema «ni programu» kwa kuwa tu amekosa neno lingine.

Sasa sikiliza jambo linalowadanganya hata mafundi. Shofere wa lori lenye mzigo anashuka mlima mrefu akishika freni muda wote. Freni zinapata moto, maji yaliyoingia katika mafuta ya freni yanachemka na kuwa mvuke, pedali inakwenda hadi chini bure. Kesho yake zimepoa, fundi anakanyaga: nzuri kabisa! Hapo ndipo ajali inaitwa ya ajabu. Dawa yake ni gia ndogo tangu juu ya mlima, na mafuta ya freni kubadilishwa kwa wakati wake.

Na chupa ya maji uliyoitupa miguuni asubuhi? Inaweza kubingirika chini ya freni. Iondoe. Mkeka ufungwe imara, tena usiweke miwili.

Ajali ikitokea, waokoe majeruhi kwanza. Halafu usiondoe mkeka, usikaze waya, usimwage mafuta ya freni, wala usifungue betri kama hakuna hatari ya moto, mpaka wachunguzi wafike. Andika gia iliyokuwamo, saa ya ajali, na shofere alianza kazi saa ngapi.